Disiki toka Brussels mpaka Lubumbashi: ajansi ya kilo inafaa ao haifai? Hesabu yangu yote iko humu

Bandugu benye munapenda disiki, leo nataka kuongea juu ya ile ajansi ya grupaji (kukusanya makoli ya bantu mingi mu muzigo moja) yenye inapokeaka makoli kule Brussels na kuyaleta na ndege mpaka huku kwetu Lubumbashi, ile unalipa kwa kilo. Jina yake sitaandika, ajansi za namna ile ziko mingi, ukitembea kidogo mu ville unaona bibao byake kila mahali. Nimeitumikisha mara tatu sasa. Mbele yake nilijaribu njia zingine mbili na zilinimaliza feza. Niliandika kila kitu mu kaye, kwa hiyo bei zote nitasema hapa ni zile zilitoka mu mufuko wangu mwenyewe, haiko bei ya kuambiwa.

Sababu ya kuanza hii mambo yote ni baba mukubwa wangu wa Katuba, commune ya hapa Lubumbashi. Yeye alijifunzaka gitaa akiwa mutoto, ile namna ya bidole mbili, kidole gumba inapiga nyuzi za chini na ile ya kuonyesha inacheza wimbo juu, vile Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga. Kila mutu wa huku anajua ile jina, lakini bangapi bako na disiki yake mu nyumba? Mwaka 1952 Hugh Tracey, mutu wa kurekodi muziki ya Afrika, alikuya na mashini yake akamurekodi kule Jadotville, njo Likasi ya leo, disiki zikatoka Afrika ya Kusini kwa alama ya Gallotone, zile za zamani za kuzunguka mara 78 kwa dakika, na kazi yote ya Tracey inachungwa mu nyumba ya muziki yenye alianzisha mwaka 1954, leo iko Makhanda, ile ilikuwa inaitwa Grahamstown, Afrika ya Kusini. Zile baliweka tena kwenye disiki mupya, zinatokaka na kuuzishwa Ulaya. Sasa fikiria. Sauti iliimbwa Kiswahili, Likasi, barabara ya kilomita 120 hivi toka hapa, na leo ukitaka kuishika mu mikono inabidi ulipie ndege toka Ulaya. Hii inaniuma sana, na njo sababu naona hesabu ya transporti na duane si mambo ya bacommerçants tu, inatuhusu siye benye tunataka muziki yetu irudi ku nyumba.

Mara ya kwanza niliagiza disiki moja tu kwa muuzishaji mumoja wa Paris. Disiki euro 24, mupya, posheti nzuri na maandishi mingi ndani. Nikabonyeza nchi yetu kwenye ile sehemu ya transporti, ikatokea njia moja tu: kampuni ya haraka, ile ya ndege, euro 61. Nikawaza usiku mbili, kisha nikalipa, nikisema basi hapa imeisha, nimelipa byote. Haikuisha. Nyuma ya siku kumi telefone inalia, ni bo, koli imefika, lakini mbele ya kunipatia nalipa dola 51. Nikaenda na hasira, nikalomba karatasi, nikaisoma mustari kwa mustari pale pale ku guichet, na ilikuwa hivi: duane na TVA (tax ya kuuzisha bintu) pamoja dola 26, kisha fre ya dosie dola 25. Yaani ile kampuni ilikuwa imelipa duane mbele yangu, ikajaza karatasi ya declaration kwa jina yangu, na kwa ile kazi wanatoza bei moja, koli ikuwe ya disiki moja ao ya disiki ishirini. Euro 61 inafanya karibu dola 67, ongeza 51, ni dola 118 ya kuleta kintu cha dola 26.

Niliona aibu kuambia bibi yangu ile hesabu, nikamuambia nyuma ya wiki mbili.

Pale njo nilianza kujifunza. Kintu ya kwanza yenye bantu mingi habaijue: duane haihesabu juu ya bei ya disiki peke yake. Inachukua bei ya kintu, inaongeza transporti, inaongeza na asiransi kama iko, ile jumla njo inaitwa valeri yake, na juu ya ile valeri banaweka kwanza droit ya kuingiza, kufuatana na aina ya kintu kwenye tarifu, kisha TVA yetu ya 16% inakuya juu ya byote, valeri na droit pamoja. Kwa hiyo transporti ya bei nguvu inakuumiza mara mbili. Ile euro 61 yangu iliingia mu hesabu, nikalipa TVA juu ya transporti yenye ilikuwa inapita bei ya disiki mara mbili na nusu. DGDA, ofisi ya duane ya Kongo, inafanya hesabu yake kufuatana na sheria, sina neno pale, shida yangu ilikuwa kuchagua transporti bila kujua kama inabeba na tax nyuma yake.

Kintu ya pili nilichelewa kujua na ilinigharimu: disiki mupya ya Ufaransa inauzishwa na TVA ya kule ndani yake, 20%. Lakini kama muuzishaji anaituma inje ya Ulaya, ile TVA hatakiwi kuiweka, sababu ni export. Ile euro 24 ilikuwa ifanye euro 20. Maduka makubwa ya intaneti inaitosha yenyewe ukiandika tu anwani ya Kongo, bei inashuka mbele ya macho yako, lakini baduka badogo na balebo badogo mara mingi banasahau, unapashwa kubaandikia mbele ya kulipa. Mi sikuandika. Euro 4 si mingi lakini ilipanda ndege, ikaingia mu valeri, na nikaitozwa tena huku. Kama unanunua disiki ya zamani kwa mutu mwenye anauzisha za kwake mwenyewe, pale hakuna TVA ya kupunguza, usimusumbue.

Njia ya pili ilikuwa posta ya kawaida, disiki mbili toka Ujerumani, euro 27 ya transporti na namba ya kufuatilia. Hapa nitasema haraka sababu hakuna mingi: muuzishaji alinakili anwani yangu vibaya. Nilimuandikia avenue, namba, commune na boîte postale, yeye akaacha boîte postale, akafikiri namba ya nyumba inatosha vile kwao mwenye posta anapita mulango kwa mulango. Miezi ine nilingojea. Koli ikarudi kwake. Akanirudishia feza ya disiki, ya transporti hapana. Kama unapita posta, boîte postale njo anwani yako, na ulomba muuzishaji akutumie foto ya ile etiketi mbele hajafunga koli, dakika moja tu inamutosha.

Sasa ajansi.

Namna inatumika: banakupatia anwani ya depo yao kule Brussels na namba yako ya kliya. Unaagiza disiki kama mutu wa Ubelgiji, unaandika ile anwani na jina yako na namba, koli inafika kwa depo, banakutumia foto kwa WhatsApp, kisha inangojea ndege ya wiki. Ikifika Luano, uwanja wetu wa ndege, banaitosha ku duane pamoja na makoli ya bengine, unaenda kuikamata ku ofisi. Bei ni dola 16 kwa kilo, na banasema duane iko ndani. Hakuna fre ya dosie kwa kila mutu, sababu dosie ni moja kwa mizigo yote. Pale njo siri ya grupaji yote: ile dola 25 yenye ilinimaliza mimi peke yangu, hapa inagawanyika kwa bantu makumi.

Komande yangu ya kwanza kwa ile njia ilikuwa disiki tano, zote kwa muuzishaji mumoja wa Antwerp. Kuzifikisha Brussels, transporti ya ndani ya Ubelgiji, euro 8 kwa zote tano. Nilikaa mu kaye siku tatu nikichagua kwa muuzishaji mumoja tu bintu tano vyenye nilitaka kweli, sababu ukinunua kwa bauzishaji batano unalipa ile euro 8 mara tano na unapata kartoni tano, na kila kartoni iko na uzito wake.

Siku ya kuikamata nilifika saa mbili asubui. Ofisi ni chumba kidogo, mizani chini, kalkuleta ku meza, bakartoni bamepangwa mpaka dirisha. Mama wa pale, mutu wa heshima sana, akaweka koli yangu ku mizani mbele yangu: kilo 2 na gramu 100. Nikafurahi. Kisha kijana akaleta meta, akapima kartoni: 35 kwa 35 kwa 12. Mama akapiga kalkuleta, akaandika kilo 3.

Nikamuuliza: "Mama, mizani imesema 2 na kitu, hii 3 inatoka wapi?"

Akanijibu bila hasira: "Papa, ndege haibebe uzito tu, inabeba na nafasi. Kartoni yako ni kubwa kuliko uzito wake."

Ni kweli kabisa. Makampuni ya ndege inafanyaka vile: unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimeta, unagawanya, unapata kilo ya nafasi, na kati ya ile na kilo ya mizani banachukua yenye inapita. Lakini kugawanya na ngapi? Njo pale bantu banaachaka feza. Makampuni ya haraka inagawanyaka mara mingi na 5000. Mizigo ya kawaida ya ndege banagawanyaka na 6000. Nikatosha telefone, nikafungula ile bei-lisiti yenye babo benyewe balinitumia, mustari wa chini kabisa, herufi kidogo kidogo: 6000. Nikamuonyesha. Tukapiga pamoja: 35 mara 35 mara 12 ni 14,700. Na 5000 inafanya 2.94. Na 6000 inafanya 2.45. Mama akaangalia telefone yangu, akaangalia karatasi yake, akamuita kijana, akamuambia, "We, unatumikisha tena ile hesabu ya zamani?" Akafuta 3 akaandika 2 na nusu. Nikalipa dola 40 pa nafasi ya 48. Na akaniomba radhi, hii naiandika sababu si kila ofisi inaombaka radhi.

Dola 40 kugawanya disiki tano ni dola 8 kila moja. Ongeza ile euro 8 ya Antwerp mpaka Brussels, unafika kama dola 10 kwa disiki, na duane ndani. Dola 10 na dola 118. Sina neno ingine juu ya bei.

Na hata ile kilo 2 na nusu ilikuwa kosa ya kartoni. Disiki tano na posheti zake zikilala pamoja zinafanya sentimeta mbili hivi, muuzishaji alizitia mu kartoni ya sentimeta 12 akajaza karatasi pembeni. Mara ya pili nilimuandikia: tafazali kartoni ya kulala, haipite sentimeta 6. Akaleta 34 kwa 34 kwa 6, ile nafasi inafanya kilo 1 na kitu tu, kwa hiyo mizani njo ilihesabika, kilo 1 na gramu 900. Komande ile ile ya disiki tano, nikalipa dola 30 na kidogo. Kama utakumbuka kintu kimoja mu hii maandishi yote, ikuwe ile kartoni ya kulala.

Ile ya kwanza niliipeleka Katuba jioni ile ile, mu taksi, nimeiweka ku magoti. Baba mukubwa alikuwa amekaa inje. Mashini yake ya disiki iko ya zamani, ya mbao, mukono wake alishaufunga na kawaya, lakini sindano ni mupya, nilimununuliaka mwaka jana. Alinawa mikono kwanza. Akatosha disiki mu posheti polepole, vidole ku pembeni tu, akaipuliza, akaiweka. Sauti ya kwanza ni ile ya kuunguruma kidogo, kisha gitaa ikaingia. Akafunga macho. Mukono yake ya kuume ikaanza kucheza ku paja, gumba na kidole, gumba na kidole, na nikaona inafuata sawasawa, haikosee hata pale wimbo inageuka. Mustari wa pili akaimba na yeye, maneno yote. Nilimuuliza nyuma alisikiaka wapi, akasema, "Mwanangu, hii tulikuwa tunaimba tukienda ku masomo." Kisha akalomba nirudishe sindano mwanzo. Tulirudisha mara saba. Kurant ikakatika ku mara ya nane na akaendelea kuimba mu giza.

Sasa mabaya ya ajansi, sababu iko na mabaya na nitaisema yote.

Wakati. Balisema wiki mbili. Mara ya kwanza ilikuwa wiki tano na siku mbili, mara ya pili siku 16, mara ya tatu wiki ine. Ndege ya wiki inaondoka kama kilo zimetosha, kama hazijatosha inangojea, hii nilielewa peke yangu, hakuna mutu alinifafanulia. Kuchelewa si shida yangu kubwa, disiki haiozi. Shida ni kukaa kimya. Wiki ya tatu nilituma meseji ine, nikajibiwa moja: "iko mu njia". Mutu akilipa anastahili kujua kama koli yake bado iko ku depo ao imepanda.

Karatasi. Risiti yenye banakupatia inaandika tu "transporti na duane" na jumla chini. Nimelomba mara mbili kuona kitansi ya duane yenyewe, hata foto ya ile ya mizigo yote, nikaambiwa iko kwa transitere, ule mwenye anabafanyia karatasi za duane. Hapa sitakubali kunyamaza. Kama naambiwa duane iko ndani ya dola 16, nataka kuiona, sababu ni feza yangu na inapashwa kufika kwenye inapashwa kufika. Ajansi yenye itaanza kupatia kliya kopi ya kitansi, nitahamia kwayo siku ile ile hata ikiwa dola 2 zaidi kwa kilo.

Kufungula. Koli ya tatu ilifika na skochi ya rangi ingine, yaani ilifunguliwa, hiyo ni haki ya duane, sibishane. Lakini mwenye aliifunga tena aliweka disiki kwa kusimama na kintu kizito kando yake, pembe ya posheti mbili ikajikunja na moja ikapasuka ku mushono. Disiki zenyewe hazikupata kintu. Mama alipunguza dola 5 bila kubishana sana.

Na ile TVA ya Ulaya nilisema juu: kwa njia ya ajansi unaipoteza. Koli inafikia Brussels, kwa muuzishaji ile si export, ni kuuzisha ndani ya Ulaya, kwa hiyo unalipa bei yote na TVA ndani. Ubelgiji ni 21%. Kwa disiki ya zamani ya mutu wa kawaida haibadilishe kintu. Kwa disiki tano mupya za euro 24, unaacha kule karibu euro 20. Hata hivi ajansi bado inashinda, mbali sana, lakini hesabu lazima uiweke yote ku meza.

Bantu banauliza tena kama wamwambie muuzishaji aandike "zawadi, dola 5" ku ile karatasi ya duane ya CN22. Nasema apana. Kwanza ni uongo. Pili, koli ikipotea unalipwa ile dola 5 yenye uliandikisha. Tatu, watu wa duane beko na haki ya kukataa ile bei na kuweka ya kwao, na hapo utabaki kuonyesha fakture yenye inakushitaki mwenyewe. Lombeni fakture ya kweli, muitume kwa ajansi pamoja na namba ya koli. Koli yangu ya pili, ile ya siku 16, njo ile nilituma fakture mbele, na naamini ilisaidia.

Bengine bananiuliza juu ya Johannesburg. Zile Gallotone za zamani zinapatikanaka kule kuliko Ulaya, na barabara iko, Beitbridge, Chirundu, mpaka Kasumbalesa, malori inaingia kila siku. Lakini zile za mara 78 si plastiki, ni sheleki, zinavunjika kama sahani ya udongo. Barabara ile yote ndani ya lori, mi siwezi. Nangojea mutu mwenye anakuya na ndege na anaweza kuibeba mu mukono.

Kufunga koli, mulombe muuzishaji atoshe disiki mu posheti aiweke nyuma yake, mu karatasi yake nyepesi, kisha byote mu plastiki. Disiki ikibaki ndani ya posheti inapiga ku mushono kila koli inaanguka, njo vile zinapasukaka. Ile plastiki ni ya lazima kama koli itafika kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu, mvua yetu munaijua. Na mwezi wa tisa na wa kumi, pale jua inachoma, mwambieni ajansi muende kuikamata siku ile ile, musiache koli wikendi mu depo ya mabati, disiki inajikunja na haitanyooka tena. Mi naagizaka kwa kuhesabu ifike mwezi wa tano mpaka wa saba, baridi na kukauka.

CD ni rahisi zaidi: mulombe atoshe ile sanduku ya plastiki, atume disiki na kakitabu tu. Kumi hazifike hata nusu kilo, na sanduku za plastiki zinapatikana hapa ku soko.

Na kama ni muziki mupya wa banamuziki benye bako bazima, nanunua faili, bila transporti, bila duane, na sehemu kubwa inaingia kwa mwenye aliimba. Albamu moja ya sauti nzuri, ile ya kukamuliwa bila kupoteza kintu, inakula kama mega 300 za intaneti, naishushaka usiku. Lakini baba mukubwa faili hataki kuisikia. Anasema kintu haina posheti utajuaje nani alipiga gitaa. Iko na haki, ile disiki ya Paris iko na kurasa ine za maandishi na mafoto, na alimutambua mutu mumoja kwenye foto, wa avenue yao.

Kwa ile ajansi natoa nyota tatu na nusu kwa tano. Bei na mizani, tano. Namna ya kupokea bantu, ine. Kujibu meseji, mbili. Karatasi ya duane, moja, na nitaibadilisha siku watanionyesha kitansi.

Koli ingine iko ku depo ya Brussels tangu siku ya pili, disiki ine, foto wameshatuma, kartoni ni ya kulala. Fakture nilituma jana. Moja kati ya zile ine ni ya Edouard Masengo, mupiga gitaa ingine wa huku wa wakati wa Bosco, baba mukubwa hajue bado. Ikifika nitaenda na meta yangu.